Jina la mjomba, tabia ya nani?

Shikamoo Mama Mshauri,

Naandika kutoka kijiji kimoja cha Tandahimba, mkoani Mtwara. Nina watoto watatu. Wa kwanza, wa kiume, ana miaka 12 na yuko darasa la sita. Huyo ndiye anayeninyima usingizi.

Kaka yangu mkubwa alifariki nikiwa na mimba ya miezi saba ya mtoto huyu. Alipozaliwa wa kiume hapakuwa na mjadala. Mama alisema mwanangu karudi, na jina likawa lile lile. Hapa nitawaita Hamisi wote wawili, majina yao ya kweli yabaki nyumbani. Marehemu alikuwa mtu wa watu, na ndiye aliyenilipia ada mpaka nikafika kidato cha pili. Baadaye pombe ikamwingia. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakianza kudondoka na uraka, pombe yake, ukaanza kukamuliwa, nyumbani hatumwoni tena. Miaka miwili mfululizo aliuza korosho za familia kwa watu wa kangomba, wale walanguzi wanaonunua kwa bei ya chini kabla ya mavuno, zikiwa bado maua, mpaka mjomba wetu mkubwa akampiga marufuku kukanyaga shamba. Hasira zake zilikuwa za karibu sana. Alikufa kwa ajali ya pikipiki usiku, akitoka kilabuni.

Sasa huyu wangu. Toka mchanga alikuwa mtoto wa kulia, kitu kidogo tu kashapandisha. Alipofika miaka mitatu, minne, akawa anatembea kama marehemu, bega moja chini, mguu anauburuza, na anapiga kelele "Lete kingine hapa!" kama mjomba wake alivyokuwa akisema kilabuni. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Wageni wakija, mama anamwita: "Hamisi, mjomba anatembeaje?" Anafanya, anapewa karanga au shilingi mia mbili. Tukawa tunasema, huyu hakumwona mjomba wake hata siku moja, lakini angalieni damu hiyo.

Sasa hatucheki. Wiki tatu zilizopita tulikuta gunia la korosho limepungua. Kumbe anachota kidogo kidogo kwenye mfuko wa madaftari, anamuuzia kijana mmoja wa bodaboda kwa nusu ya bei ya mnadani. Chini ya godoro nilikuta shilingi elfu kumi na moja na mpira mpya. Baba yake alimcharaza fimbo. Mimi nilipomuuliza kwa nini, akaniangalia usoni akasema, "Si mnasema mimi ndiye mjomba?" Sikuwa na jibu.

Shuleni kapigana mara mbili, wakimwita jina la utani la marehemu. Na jirani kaniambia amemwona akikaa jioni na vijana wanaokamua mabibo.

Mume wangu anasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na huo ni ukoo wenu. Mama anataka twende kwa mganga tukamtulize marehemu. Kuna mwalimu kijana aliniambia saikolojia inasema tabia mtu anajifunza. Nikamuuliza, kajifunza kwa nani na mwalimu wake yuko kaburini? Akacheka tu.

Nimbadilishe jina? Nimpeleke Dar es Salaam kwa baba yake mdogo? Na je, haya mambo kweli yanakaa kwenye damu?

Mama Hamisi, Tandahimba

---

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Nimestaafu ualimu lakini kalamu haijastaafu. Nimepiga mstari mahali pamoja tu: "Hamisi, mjomba anatembeaje?" Ulimuuliza yule mwalimu kijana mtoto kajifunza kwa nani wakati mwalimu wake yuko kaburini. Jibu umeliandika mwenyewe. Mwalimu wake hayuko kaburini. Walimu wako sebuleni kwenu, na wanalipa karanga.

Mtoto wa miaka mitatu hajui mlevi ni mtu gani. Siku ya kwanza pengine aliteleza tu, bega likashuka, mtu mzima mmoja akasema jamani, marehemu huyo! Wote mkageuka, mkacheka. Macho ya watu wazima sita yakimgeukia mtoto kwa mpigo ni kitu kikubwa, karanga ni nyongeza. Kesho yake akajaribu tena. Akitembea vizuri hakuna anayemwangalia, akiburuza mguu nyumba nzima inafurahi. Bega likazidi kushuka. Na ile "Lete kingine hapa!" hakuiokota kwenye damu, maana damu haina Kiswahili. Kuna mtu alimwambia ndivyo mjomba wako alivyokuwa akisema.

Mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, B. F. Skinner, alitumia miaka mingi kuchunguza njiwa na panya kwa jambo hilihili. Tendo likifuatiwa na kitu kizuri, hurudiwa. Na ukitaka lishike mizizi kabisa, usilipe kila mara. Lipa mara mojamoja, mwenyewe asijue ni lini. Wageni wa mama yako hawakuwa wakija kila siku, sivyo? Mngemwajiri mtaalamu asingefanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Mwanasaikolojia mwingine, Albert Bandura, ndiye ninayetaka ukae naye kidogo, maana alichokiona kinagusa nyumba yako mpaka jikoni. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, yeye na wenzake walichukua watoto 72 wa shule ya awali. Baadhi yao waliwekwa chumba kimoja na mtu mzima aliyekuwa akimshambulia mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa, kwa ngumi, kwa nyundo ya mbao, huku akitamka maneno yake ya ukali. Hakuna aliyewaambia watoto waige. Baadaye walipoachwa na mwanasesere yule, wengi walimpiga vilevile, na baadhi wakayatamka maneno yale. Ajabu yenyewe ni kwamba hakuna aliyewapa hata pipi. Kuona tu kulitosha.

Miaka minne baadaye, 1965, Bandura akatoa matokeo ya jaribio jingine. Safari hii watoto walionyeshwa filamu. Wengine waliona yule mpigaji akisifiwa na kupewa vitu vitamu, wengine wakamwona akigombezwa na kupigwa, wengine hawakuona mwisho wowote. Walioona adhabu waliiga kidogo. Sasa sikiliza. Watoto wote walipoahidiwa zawadi wakionyesha walichokiona, tofauti ile ikayeyuka. Wale wa adhabu nao walikuwa wamejifunza kila kitu, walikuwa wamekifungia kabatini tu.

Fimbo ya baba Hamisi ilifanya kazi hiyohiyo, ya kabati. Mtoto hakuacha kujua njia ya kwenda kwa yule wa bodaboda. Amejua kwamba mfuko wa madaftari si mahali pazuri pa kuficha. Tena ameongeza somo jingine: mtu mkubwa akiudhika, anapiga. Halafu mnashangaa akienda kupigana shuleni.

Hapo unaweza kuniambia, Mama Mshauri, lakini hadithi ya kaka yangu ina mwisho mbaya na mtoto anaujua. Kweli. Nimekaa kwenye misiba mingi, Lindi na Mtwara, na ninakuapia hakuna hadithi tamu kama za mlevi aliyekufa. Alivyoanguka kwenye shimo la choo. Alivyomjibu mwenyekiti. Watu wanashika mbavu. Mwisho mbaya husemwa kwa sentensi moja, kwa sauti ya chini, halafu mtu anakumbushia kile kingine cha kuchekesha. Mtoto anayesikiliza pembeni anapima: sehemu ipi inawapendeza? Mwalimu si lazima awe hai ndipo aigwe. Akisimuliwa vizuri inatosha.

Sasa la damu, maana sitaki kukudanganya kwamba halipo.

Lipo. Mwaka 1979 kule Minnesota, Marekani, mwanasaikolojia Thomas Bouchard alianza kuwatafuta mapacha wa kufanana waliotenganishwa wakiwa wadogo na kulelewa nyumba tofauti. Aliwakuta wanashabihiana kwa mambo mengi, upole au ukali, uchangamfu, woga. Tafiti za mapacha kwa jumla zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za haiba kati ya mtu na mtu zinahusiana na urithi. Watu husikia hiyo nusu wakaibeba vibaya, wakadhani nusu ya Hamisi ni mjomba. Fikiria mikorosho yenu. Mbegu iliyotoka kituo cha utafiti cha Naliendele na mbegu ya kuokota porini, ukizipanda udongo mmoja na kuzihudumia sawa, tofauti ya mavuno ni ya mbegu. Lakini ile mbegu bora usipoipuliza dawa ya salfa, ugonjwa wa ubwiriunga ukala maua, utavuna nini? Na mti mmoja, ukisimama mbele yake, huwezi kusema nusu hii ya korosho ni ya mbegu na nusu hii ni ya salfa. Haigawanyiki hivyo.

Na kwa kuwa baba watoto ameleta habari ya ukoo wenu, mpelekee hesabu hii kwa heshima zote. Mtoto anapata nusu ya vinasaba kwa baba na nusu kwa mama. Na mjomba wake, ndugu wa tumbo moja na mama, wanashirikiana kwa wastani robo tu. Kwa mila zetu mjomba ni mkubwa. Kwa hesabu ya damu, baba Hamisi yumo ndani ya mtoto huyo mara mbili ya marehemu. Akitafuta nyoka aanzie na kioo. (Hilo la kioo usimwambie, ni langu mimi na wewe.)

Ambacho mwanao huenda alizaliwa nacho ni ule wepesi wa kupanda. Uliniambia toka mchanga alikuwa mtoto wa kulia. Madaktari wawili wa New York, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, walianza mwaka 1956 kuwafuatilia watoto toka uchanga, wakaona mapema kabisa wanatofautiana: kuna mwepesi, kuna mgumu, kuna anayechelewa kuzoea. Walichosisitiza ni kwamba mtoto mgumu haharibiki kwa ugumu wake. Inategemea kama malezi yanamkaa, kama kiatu kinavyokaa mguuni. Mtoto anayewaka haraka akipata mzazi anayewaka haraka, moto. Akipata mtu wa kumpa dakika tano apoe, anakua mtu mwenye msimamo, na watu wanamsifu. Moto ni uleule. Ila hakuna mtoto anayezaliwa na damu inayojua bei ya kangomba.

Kitu kimoja cha damu usikipuuze, nacho ni pombe. Tafiti za mapacha na za watoto waliolelewa na wazazi wasio wa damu zinaonyesha kwamba wepesi wa kunaswa na ulevi una sehemu kubwa ya kurithi. Haina maana Hamisi atakuwa mlevi. Ina maana wale vijana wa mabibo ni hatari kwake kuliko kwa mtoto wa jirani. Hapo ndipo pa kuweka wasiwasi wako wote, uutoe kwenye jina.

Sasa niruhusu niseme la kukuuma. Msimu wa korosho watoto wangapi hapo kijijini wanachota korosho za wazazi? Wengi, na wewe unajua. Mtoto wa jirani akichota tunasema tamaa ya hela, utoto. Hamisi akichota, tunasema mjomba. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross aliipa kasoro hii jina la kitaalamu. Tendo la mwenzetu tunalieleza kwa asili yake, tukasahau mazingira aliyosimama. Basi tuyaangalie mazingira. Sijawahi kuona mtoto wa miaka 12 Tandahimba, mwezi wa kumi na moja, asiyeokota korosho. Ameinama shambani kabla ya shule na baada ya shule. Gunia limekwenda chama cha msingi cha ushirika, mnada umepita, hela imeingia kwenye akaunti ya baba, yeye ameona nini? Yule wa bodaboda anampa noti mkononi saa ileile. Hata mtu mzima, shilingi ya leo humshinda nguvu kuliko shilingi tatu za mwezi ujao. Vipi kuhusu mtoto ambaye hiyo ya mwezi ujao hajawahi kuishika?

Kuchota ni kosa na alipe, nakuja huko. Ila kulipa deni ni kitu kimoja, kubebeshwa marehemu ni kitu kingine. Na ile kauli yake, "Si mnasema mimi ndiye mjomba?", wewe umeisikia kama jeuri. Mimi naisikia kama mtoto anayesoma karatasi mliyomwandikia.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta daftari, wiki mbili. Kila akifanya la kukuudhi, andika mambo matatu: nini kilitangulia, yeye alifanya nini, nini kikafuata. Usiandike "kamrudia mjomba wake". Andika "mdogo wake alimcheka, akatupa sahani, bibi akampa chai apoe". Nakuhakikishia kabla ya wiki ya pili utaanza kuona mlango unapofunguka, na pengine utakuta ni mtu fulani au saa fulani. Mie nilifanya hivyo na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipigana, nikagundua ni Jumatatu tu, siku ya kudaiwa michango darasani.

Deni alipe kwa kazi, hesabu iwe wazi, kilo ngapi alichota na siku ngapi ataokota za kufidia, na likiisha liishe kabisa, lisitajwe tena akikosea lingine. Halafu, hili baba yake lazima akubali, apewe mikorosho yake miwili. Aokote mwenyewe, zipimwe peke yake zikienda chama, na siku ya malipo apewe hela yake mkononi mbele ya wadogo zake. Mkimsema, msemeni tendo: "umechota bila ruhusa." Neno "mwizi" na neno "mjomba" yatoke kabisa kwenye ugomvi. Shuleni, mwone mwalimu wa darasa, mwambie jina lile la utani linalowasha moto. Na ukiona anaanza kutoroka shule, anakosa usingizi au anajiumiza, nenda kwa afisa ustawi wa jamii pale halmashauri, usingoje.

Dar es Salaam hapana. Mtoto anayehamishwa kwa kosa anafika na kosa lake kwenye begi, na kule hamjui hata anakaa na nani jioni. Mganga sitaki kugombana na mama yako, lakini marehemu mfanyieni dua, hela iliyobaki inunue sare. Na jina? Kwetu kubadili jina si kioja, wapo waliotoka jandoni na jina jipya. Ila ukimbadilishia sasa, katikati ya kesi hii, utakuwa umemthibitishia kwamba kweli alikuwa mjomba, na ndiyo maana mmemkimbia.

Amebaki mama yako, na huyo ndiye mgumu, kwa sababu humwelewi bado. Yule bibi hachekeshwi na ulevi. Amefiwa na mwana, na kwa dakika moja, mjukuu akishusha bega, mwanawe anaingia mlangoni. Ukimwambia aache, unamzika mtoto wake mara ya pili. Usimwambie wewe. Nenda kwa mjomba wenu mkubwa, yuleyule aliyempiga marufuku marehemu, mweleze, yeye ana kauli na ana lake la kujutia pia, nadhani. Aitishe kikao kidogo, na asimkataze dada yake kumkumbuka mwanawe. Ambadilishie swali. Uliandika kwa mstari mmoja tu, ukapita haraka, kwamba marehemu ndiye aliyekulipia ada. Alipata wapi hela? Alikupelekaje shule siku ya kwanza, kwa baiskeli? Sanduku lako la bati alilibeba nani? Mtoto wako anajua marehemu alivyoburuza mguu, lakini hilo la ada nina shaka kama analijua. Wageni wakija, bibi amuulize hilo: "Hamisi, mjomba alimsomeshaje mama yako?" Karanga zitolewe hapo.

Na ule mpira msimnyang'anye. Ameununua kwa hela ya kuchota, sawa, utaingia kwenye deni. Lakini uwanja ukiwa na mpira jioni, wale wa mabibo wanapungukiwa mtu mmoja.